Kibarua, Kipande na Cheti: Habari za Mfanyakazi na Mafunzo Yake Katika Nchi Yetu



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka, baada ya kueleza hesabu ya fedha na habari za wagonjwa, mazishi na karo, kutia makala moja ya historia ili vijana wajue tulikotoka. Mwaka huu tumechagua habari za mfanyakazi wa mshahara mdogo, na jinsi alivyofundishwa kazi ya mikono, au alivyoachwa bila kufundishwa. Hatukuzichagua kwa kupenda mambo ya kale tu. Mkutano mkuu ujao utaulizwa neno juu ya mfuko wetu wa elimu, na ni vema kila mmoja wetu aje akiwa amekwisha kulifikiri.

Mwanachama mwenzetu mmoja ni mwashi. Nyumba alizojenga ni nyingi, na kuta zake hazina ufa. Mwaka uliopita mwajiri fulani alitafuta mnyapara wa waashi, naye akaenda kuomba. Aliulizwa cheti, naye hakuwa nacho. Kazi ikapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mwiko na kutazama timazi, kwa kuwa kijana yule alikuwa amefanya mtihani wa ufundi wa serikali. Mwenzetu hakumwonea kijana kijicho, wala sisi hatumlaumu. Twauliza tu, yalianzaje mambo haya hata mwalimu akawa chini ya mwanafunzi wake? Jibu lake ni refu, nalo limeandikwa katika karatasi tatu ambazo mfanyakazi wa nchi hii amezishika kwa zamu.

KIBARUA

Kabla ya karatasi palikuwa na fundi na mwanafunzi, na majina yao yametoka katika shina moja, yaani kufunda na kufunza. Huko pwani kijana aliyetaka useremala, uhunzi au kazi ya kuunda majahazi alikaa na fundi miaka kadha wa kadha, akianza kwa kufagia na kuchukua vyombo. Alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, nayo ni zawadi ya heshima. Bara nako ufundi wa chuma ulirithishwa katika mbari za wahunzi. Mtu hakuhitaji hati ya kumshuhudia, maana shahidi wake alikuwa mji mzima.

Kisha ikaja kazi ya kulipwa kwa siku. Mtu aliyeajiriwa hivyo alipewa barua ndogo, apate kuionyesha jioni na kupokea ujira wake. Kwa hiyo kazi yenyewe ikaitwa kibarua, na mwenye kuifanya akaitwa kibarua pia. Karatasi ile ilisema jambo moja tu, kwamba fulani amefanya kazi leo. Kesho yake haikuwa na neno lolote juu yake.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, serikali ya Uingereza ilileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, na miongoni mwao walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi. Walioaga dunia walikaribia 2,500, nasi twawakumbuka kwa heshima. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wengi wa wageni wale walirudi kwao, lakini wapatao 6,700 walikaa, na kazi za ufundi katika stesheni na miji mipya zikawa mikononi mwao. Mwafrika aliachiwa kuchimba, kufyeka na kubeba. Haikuwa kwa kukosa akili. Ilikuwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyempangia njia ya kutoka kwenye sururu hata kwenye randa.

Wa kwanza kujaribu kufungua njia hiyo walikuwa wamisioni. Freretown, karibu na Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ilifundisha kazi za mikono pamoja na kusoma. Waskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto mwaka 1898. Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1909 J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu kutoka Bombay, aliishauri serikali kwamba Waafrika wafundishwe ufundi. Walowezi wengi waliupenda ushauri ule, lakini wazee wetu wasidanganyike juu ya sababu yake. Fundi Mwafrika alitarajiwa kulipwa kidogo kuliko fundi Mhindi.

KIPANDE

Karatasi ya pili haina haja ya kuelezwa kwa wazee, bali vijana wetu hawaijui. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alilazimishwa kuwa na kipande, akakitia ndani ya kikopo cha chuma na kukitundika shingoni. Ndani yake ziliandikwa habari za waajiri wake, muda aliowatumikia, na mshahara aliopata. Aliyeondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi aliweza kutafutwa na kushtakiwa. Tena mwajiri mpya alipokisoma aliona ule mshahara wa zamani, na mara nyingi hakuona sababu ya kuuzidisha. Hivyo mtu aliweza kuingia kazini mchukuzi wa maji na kutoka ameijua kazi ya uashi, lakini shingoni mwake bado alikuwa mtu wa shilingi zile zile. Kipande kilishuhudia utii wake. Ujuzi wake hakikuujua.

Katika siku hizo za kipande, mwaka 1924, serikali ilifungua Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika ufundi kwa mkataba wa uanagenzi. Ndicho kilichokua hata leo kikawa Kabete National Polytechnic. Wakatoka humo maseremala, waashi, wahunzi na washonaji wa kutegemewa. Mwaka ule ule ilipita nchini Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones kutoka Marekani, naye James Aggrey wa Gold Coast alikuwamo. Tume ile ilisifu elimu ya mikono na ya maisha ya kijijini.

Hapa twaomba wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye mzizi wa fitina. Watu wengi husema kwamba Waafrika hudharau kazi ya mikono kwa uvivu. Si kweli. Baba zetu waliona kwamba mtoto wa Mzungu alifundishwa vitabu ili atawale, na mtoto wao akapewa nyundo na kuambiwa yamtosha. Tena aliyehitimu ufundi alikuta mshahara umepimwa kwa rangi kabla ya kupimwa kwa kazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ngazi aliyopewa ilikuwa na vipawa viwili vya chini, na juu yake palikuwa hewa tupu. Mzazi mwenye busara angefanya nini ila kudai Kiingereza na kalamu kwa mwanawe? Dharau ya ufundi iliyomo katika nyumba zetu hata leo ni kumbukumbu ya mlango uliofungwa. Haitaondoka kwa hotuba. Itaondoka siku mlango utakapoonekana wazi.

Vita vya Pili viliwachukua maelfu ya vijana wa Kenya hata Uhabeshi na Burma. Wengine walirudi wakiwa madereva, makanika na mafundi wa simu za upepo, wakakuta kazi nyingi za mjini bado ni za kibarua. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma karibu siku kumi na mbili, na jina la Chege Kibachia likajulikana nchi nzima. Mwaka uo huo sheria mpya ya kuandikisha watu wa kila taifa ikatungwa mahali pa ile ya kipande. Halafu mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ilisema wazi jambo lililojulikana na kila mke aliyeachwa kijijini, kwamba mshahara wa mjini ulikuwa wa mtu asiye na jamaa. Kamati ilitaka ulipwe mshahara wa kumtosha mtu na mke na watoto, ili akae kazini, aizoee, aijue. Neno hilo lina uzito hata sasa. Ufundi haushiki kwa mtu anayehama kila miezi michache kwa njaa.

CHETI

Karatasi ya tatu ilikuja polepole. Mombasa, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichosaidiwa na Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, Aga Khan na Mabohora kilipokea wanafunzi mwaka 1951. Nairobi, chuo kikubwa cha ufundi kilifunguliwa mwaka 1956, na Kenya Polytechnic mwaka 1961. Sheria ya mafunzo ya kazi ilianza kutumika mwaka 1960. Pamoja na hayo ulikuwapo mtihani wa ufundi wenye madaraja matatu, kutoka la tatu la chini hata la kwanza la juu. Uzuri wake ni kwamba huuliza zaidi mkono unaweza nini kuliko mtu alifika darasa gani. Mtahiniwa hupewa kazi, akaifanya mbele ya mtahini.

Baada ya Uhuru juhudi ziliongezeka. Mwaka 1964 likaundwa jeshi la vijana wa huduma kwa taifa. Mwaka 1966 makanisa yalitoa taarifa iliyouliza mtoto aliyemaliza shule ya msingi aende wapi, na kwa taarifa hiyo zikazaliwa politekniki za vijijini. Mwaka 1971 waajiri walianza kutozwa fedha za mafunzo kwa sheria. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitangaza kwamba watu wanaofua masufuria, wanaoshona na wanaotengeneza magari kando ya barabara si wazururaji, bali ni sehemu kubwa ya uchumi wa nchi. Watu hao ndio tunaowaita jua kali, na leo zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi, ukiacha wakulima wadogo, wamo katika kazi za namna hiyo.

Katika miaka ya 1990 lilifanywa jaribio ambalo twalitaja kwa kuwa lilikuwa na hekima. Kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, fundi wa jua kali aliweza kununua kwa malipo kidogo vocha ya mafunzo, akachagua mwenyewe wa kumfundisha. Wengi hawakuenda vyuoni, bali walikwenda kwa mafundi wakuu waliowajua. Yaani walirudia njia ile ya kale ya fundi na mwanafunzi. Fedha za mkopo zilipokwisha, vocha nazo zikakoma.

Hapana budi kutaja hasara moja. Kile chuo cha Nairobi cha mwaka 1956 kikawa Chuo Kikuu mwaka 1970. Kenya Polytechnic na chuo cha Mombasa nazo zikawa vyuo vikuu mwaka 2013. Twafurahi kwa heshima hiyo, lakini kila chuo kilipopanda, mfanyakazi aliyekuwa chini alipaswa kutafuta kipawa kingine cha kukanyaga. Kwa bahati njema sheria ya mwaka 2013 ilitengeneza upya mafunzo ya ufundi, na ile ya mwaka 2014 ikaweka mpango mmoja wa vyeti vya taifa. Kwa mpango huo mtu aliyejifunzia kazini aweza kupimwa na kupewa cheti bila ya kurudi darasani.

Katika habari hizi zote mama zetu hawakutajwa, na hilo ni kosa la historia yenyewe. Kabete ya mwaka 1924 haikuwa na nafasi kwa binti. Leo ushonaji na ususi vina mitihani yake, na wanachama wetu wa kike wanaostahili kuifanya wapo.

NENO KWA MKUTANO MKUU

Mfuko wetu wa elimu tangu mwanzo umewasaidia watoto wa shule, nasi hatusemi waachwe. Twaomba sehemu yake itengwe kwa ajili ya wanachama watu wazima: ada ya mtihani wa ufundi, na posho ya siku ambazo mtahiniwa hatapata ujira. Siku hizo ndizo zinazowazuia wengi, kwa maana mtu wa mkono kwa kinywa hawezi kwenda kutahiniwa na watoto wake wakalala na njaa. Twaomba pia mafundi wenye vyeti wawasaidie wenzao kujitayarisha jioni, kwa Kiswahili chepesi.

Mwashi tuliyemtaja mwanzoni ameandikisha jina lake, akisema yu tayari kujenga ukuta mbele ya mtahini yeyote. Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Nasi twaongeza kwa adabu kwamba haitoshi asife njaa. Ni haki yake pia mpini wake ujulikane.