Kazi Iliyogeuka Dawa: Historia ya Tiba kwa Vitendo, Kutoka Lutindi Hadi Darasani

Mwaka 1896 reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika Muheza, ikakwama hapo. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, serikali ya koloni ikalazimika kuichukua, na treni haikuonekana Korogwe mpaka 1902. Katika miaka hiyo Muheza ilikuwa mwisho wa reli: mwenye safari ya Usambara alishuka hapo, akatafuta wapagazi, akaendelea kwa miguu. Mwaka huohuo wa 1896, juu ya mlima wa Lutindi, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Korogwe, Wakristo wa Kijerumani walifungua kituo cha kulelea watoto waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa.

Reli ilikuja pamoja na mashamba yaliyotafuta mikono ya kufanya kazi. Lutindi ilipokea watu ambao kazi ya kulazimishwa ilikuwa imekwisha kuwaumiza. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo ilipoota mizizi ya taaluma ambayo leo vijana wa Tanga huiendea shule mbali na kwao: tiba kwa vitendo.

Mtoa tiba kwa vitendo humhudumia mtu ambaye maradhi, ajali au ulemavu umemzuia kufanya shughuli za maisha yake, kama kula, kuvaa, kuoga, kuandika, kupika, kulima au kurudi kazini. Fiziotherapia huangalia zaidi nguvu na mwendo wa viungo. Tiba kwa vitendo huanzia kwenye shughuli yenyewe. Mwanamke aliyepooza mkono baada ya kiharusi anataka kufunga kanga na kusonga ugali. Basi kanga na mwiko huingia katika tiba yake. Fikra iliyo chini ya taaluma hii ni kwamba shughuli yenye maana kwa mtu inaweza kumponya. Fikra hiyo ina historia ndefu, na sehemu muhimu ya historia hiyo ilipita katika milima ya Tanga.

Turudi Lutindi. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja katika koloni lao. Walizuia misafara, wakawaachia huru baadhi ya waliokamatwa, na kwa amri waliyoitoa watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wakahesabiwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Watoto walioachiliwa bila wazazi wala kabila la kurudia walipelekwa misheni, na Lutindi ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Lakini kadiri misafara ilivyopungua, watoto nao walipungua. Kati ya 1904 na 1905 kituo kikabadilishwa kuwa hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika koloni lote la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Waliokiendesha walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani. Bethel ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na tangu 1872 iliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mchungaji huyo aliamini kwamba mgonjwa asiyepewa chochote cha kufanya huumia mara mbili. Kwa hiyo Bethel ikawa kama kijiji kizima chenye mashamba, mifugo, useremala na viwanda vidogo, na wagonjwa wakawa ndio wakulima na mafundi wake. Madiakoni wake walipofika Usambara walikuja na mafunzo hayo. Wagonjwa wa Lutindi walilima, walichunga, walipika, walitunza bustani.

Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Katika nchi nyingi duniani, mtu aliyechanganyikiwa akili alifungwa kwa kamba au mnyororo, au aliwekwa jela pamoja na wahalifu. Ulaya yenyewe ilikuwa imeanza kuiacha desturi hiyo karne moja tu kabla, tangu enzi za daktari Philippe Pinel mjini Paris na William Tuke, aliyefungua nyumba ya wagonjwa wa akili mjini York mwaka 1796. Wote wawili waliona kwamba mgonjwa anayeheshimiwa na kupewa shughuli hutulia kuliko anayefungwa.

Lakini historia ya kweli lazima iseme na upande wa pili. Neno kazi halikuwa na sauti njema Usambara ya miaka ile. Tangu 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi 4. Kule bondeni, mkonge ulikuwa unatanda. Richard Hindorf alikuwa ameuleta mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safari ya baharini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea hadi Muheza, Korogwe na kwingineko. Mwenye shamba alipotazama mkono wa mtu aliona hesabu ya majani yaliyokatwa kwa siku. Je, mgonjwa wa Lutindi aliyeshika jembe alikuwa anatibiwa, au alikuwa anafanyishwa kazi? Hapakuwa na mtu aliyemuuliza kama analitaka jembe hilo. Swali hilo, la mgonjwa mwenyewe anataka nini, ndilo lililo moyoni mwa taaluma ya tiba kwa vitendo leo.

Taaluma yenyewe ilipata jina na chama chake mbali sana na Tanga. Mwezi Machi 1917, watu 6 walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani, wakaunda chama cha kwanza cha tiba hii. Miongoni mwao walikuwa George Barton, msanifu majengo aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili na kujirudisha kazini kwa kutumia bustani na useremala; daktari wa akili William Rush Dunton; na Eleanor Clarke Slagle, aliyeandaa baadhi ya mafunzo ya mapema ya fani hiyo. Vita Kuu ya Kwanza iliipa taaluma hiyo changa wanafunzi na wagonjwa kwa wingi, kwani askari walirudi wakiwa wamekatika mikono, wamepofuka au wamevurugika akili.

Vita hiyohiyo ilipita Muheza. Waingereza walishindwa vibaya Tanga mnamo Novemba 1914, kisha wakaifuata reli na kuiteka katikati ya 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalitegemea wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara damu na uchovu. Huko Marekani na Uingereza, askari aliyelemaa aliwekewa karakana, akafundishwa kushika patasi upya. Mpagazi aliyerudi kijijini Bonde au Handeni akiwa na mguu uliooza alipokelewa na ukoo wake peke yake. Ukoo ulifanya ulivyoweza: ulimtafutia kazi ya kukaa, kama kusuka ukili, kuchonga mipini au kulinda mazao yasiliwe na nyani. Hiyo nayo ilikuwa tiba kwa vitendo, ingawa hakuna aliyeiandika.

Enzi ya Waingereza haikuleta mabadiliko makubwa. Serikali ilijenga hospitali kubwa ya magonjwa ya akili Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na Lutindi ikaendelea chini ya misheni. Katika mkonge, mashine ya korona ilikwangua majani kwa visu vinavyozunguka kwa kasi, na mkono uliovutwa humo haukutoka mzima. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1940, iliuthamini mkono kwa fedha. Lakini fedha haimfundishi mtu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Baada ya Uhuru, Tanzania ilijaribu jambo lake yenyewe. Huko Nigeria, mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameanzisha utaratibu wa wagonjwa wa akili kukaa na ndugu zao katika vijiji vilivyo karibu na hospitali ya Aro, Abeokuta. Fikra hiyo ilikubaliana na siasa ya ujamaa. Vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam na Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa aliishi, akalima na kurudia maisha ya kijiji kabla ya kurudi kwao. Tofauti na zamani ni kwamba mgonjwa alilima kilimo cha watu wa kwao, mazao yakaliwa na kijiji chake, na lengo likawa kuondoka pale, arudi nyumbani. Hapo mgonjwa alianza kuwa mwenye kazi yake.

Lutindi nayo ilikuja kuwa mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na hadi leo shamba, bustani na karakana ni sehemu ya matibabu yake.

Kilichokosekana kwa muda mrefu ni walimu. Kenya ilitangulia: chuo cha utabibu cha Nairobi kilianza kufundisha tiba kwa vitendo mwishoni mwa miaka ya 1960. Hapa nchini taaluma ilipata makao Moshi, katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Tangu 1981 pamekuwapo hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Jirani yake pakaja kusimama shule ya tiba kwa vitendo, inayotoa stashahada ya miaka 3, na kwa miaka mingi waliohitimu hapo ndio waliojaza nafasi chache zilizokuwapo nchini. Siku hizi Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya fani hiyo.

Kwa kijana wa Muheza, njia ya kwenda Moshi ni zaidi ya kilomita 300, na huanza mapema zaidi ya siku ya safari. Huanza kidato cha 4, kwa kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Akifika chuoni hujifunza anatomia na fiziolojia, kisha saikolojia, maradhi ya neva, ukuaji wa mtoto, na utengenezaji wa vishikizo vya kuunyoosha mkono uliokakamaa. Hufundishwa pia kuichambua shughuli. Mwanafunzi huambiwa aangalie kitendo kama kunywa chai, akigawe hatua kwa hatua: kukiona kikombe, kuunyoosha mkono, kukishika, kukiinua bila kumwaga, kumeza. Kisha atafute ni hatua ipi imemshinda mgonjwa, na ni nini kinaweza kubadilishwa: mkono, kikombe, meza au namna ya kukaa. Shirikisho la dunia la taaluma hii, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi afanye mazoezi ya kazi kwa saa zisizopungua 1,000 kabla ya kuhitimu. Sababu ni ya wazi: nyumba ya mgonjwa haifanani na darasa. Ina kizingiti kirefu, choo cha shimo na kisima cha mbali.

Wahitimu ni wachache, kwa hiyo wasaidizi ni nguzo ya kazi hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Afya Duniani lilihimiza utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wake, ufanyike katika jamii, kwa kumfundisha mtu wa kijijini mambo ya msingi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huonwa na mtaalamu kwa saa chache tu katika mwezi. Siku zinazobaki yuko na mama na bibi yake. Mtaalamu mwema huwafundisha namna ya kumkalisha, kumlisha bila yeye kupaliwa na kumchezesha, nao wanakuwa wasaidizi wake wa kwanza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua huduma hizo kuwa haki. Haki hiyo itakuwa na uzito pale wilaya kama Muheza itakapokuwa na mtaalamu wake, badala ya familia kumbeba mtoto kwenye basi hadi mkoa mwingine.

Mwanafunzi anayeingia katika fani hii kutoka Tanga ajue amerithi nini. Anatoka katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulipima thamani ya mtu kwa siku 30 za kadi na kwa majani ya mkonge. Anatoka pia katika mkoa ambao, zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu walisadiki kwamba jembe linaweza kumrudishia mgonjwa utu wake, ijapokuwa walisahau kumuuliza. Kazi yake ni kuikamilisha imani hiyo. Kabla ya kumpa mgonjwa jembe, sindano au mwiko, amuulize: wewe unataka kuweza nini? Jibu la mgonjwa ndilo liwe mwanzo wa tiba. Serikali na makanisa yanayoendesha hospitali zetu wana wajibu wa kuhakikisha kwamba kuna mtu wa kuuliza swali hilo katika kila wilaya.