Daktari Williamson wa Mwadui

Leo nawakumbusheni habari za John Williamson, bingwa wa elimu ya miamba, aliyezaliwa Kanada mwaka 1907.

Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria. Lakini safari moja ya kutazama miamba ilimgeuza moyo, akaanza upya, hata akapata udaktari. Wengi wetu tungalisema, "Basi, nimehitimu." Yeye hakusema hivyo.

Alikuja Tanganyika, akafanya kazi katika machimbo ya Mabuki, kusini ya Mwanza. Kisha akaenda kutafuta almasi peke yake, akisaidiwa fedha na rafiki yake I. C. Chopra, wakili wa Mwanza. Alijua ya kuwa almasi hufanyika chini sana ardhini, nayo hupandishwa juu na nguvu za volkeno katika mwamba uitwao kimbalaiti. Kwa hiyo hakuchimba ovyo. Alichekecha mchanga wa Usukuma, akitafuta vijiwe vyeusi vinavyofuatana na mwamba huo. Mwaka 1940 aliufikia Mwadui, Shinyanga. Na eneo la mwamba ule ni zaidi ya ekari 350.

Alifariki mwaka 1958.

Vijana wa Shinyanga na Geita, wengi wenu huchimba kwa kubahatisha, na wengine huweka vitabu sandukuni siku ya kupata cheti. Sisi walimu nasi tu katika kosa hilo. Tusome tungali hai. Mtafuta hachoki, akichoka, keshapata.