Walisoma Kwanza, Kisha Wakabatizwa

Kwa mazungumzo yetu ya leo fungueni Biblia, Matendo ya Mitume, mlango wa 8, kuanzia mstari wa 26. Asiye na Biblia karibu asihangaike, nitamsimulia.

Mle twamkuta mtu wa Afrika, towashi, mwenye kuweka hazina ya malkia wake, akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Ameketi garini mwake akisoma kitabu cha nabii Isaya kwa sauti, wala hafahamu asomacho. Filipo anamkimbilia, anapanda, anamweleza. Wanafika penye maji, naye mwenyewe ndiye anayeomba abatizwe. Basi angalieni utaratibu wenyewe: kitabu kilikuja kwanza, halafu swali, ndipo maji. Na baada ya maji Filipo haonekani tena. Towashi hakuachiwa mchungaji wala kamati ya kanisa. Alibaki na kitabu chake, nguo zilizolowa, na safari ndefu mbele yake. Luka asema alikwenda zake na furaha.

Utaratibu huo ulifika kwetu pia, nami nataka tuufuate kidogo katika historia yetu, kwa maana wengi wetu tuna vyeti vya ubatizo vilivyofungiwa sandukuni, na hatujui vyatufaa nini siku ya Jumanne.

Kanisa la kwetu Magharibi ya Kenya lilianguliwa chini ya mabawa ya Uganda. Hata mwaka 1921 sisi Waanglikana wa Nyanza tulikuwa bado katika dayosisi ya Uganda, ndipo tukahamishiwa ile ya Mombasa. Sasa kule Buganda, Wakristo wa kwanza hawakuitwa Wakristo na jirani zao. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo lilivuka mpaka. Wajaluo wakasema josomo, na hapa kwetu wazee walisema abasomi vilevile. Mtu akiacha kwenda kwenye pombe na kuanza kwenda misioni, watu walisema, "Siku hizi huyu anasoma." Kumbe walikuwa wanasema kweli kuliko walivyojua.

Yuko kijana mmoja ambaye napenda sana habari zake. Jina lake Sembera. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya mtu kule Buganda, siku za Kabaka Mutesa. Alexander Mackay, yule fundi Mskoti wa chama cha CMS, alikuwa amefika huko mwaka 1878, na pamoja na ufundi wake wa chuma na mbao alikuwa akifundisha watu kusoma. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiswahili, kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja, kwa sababu Injili ya Kiganda ilikuwa haijapigwa chapa bado. Mwezi wa Oktoba 1881 Sembera akamletea Mackay barua ndogo, ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Kalamu yake ilikuwa unyasi uliochongwa, na wino wake ni wa kujitengenezea. Katika barua hiyo aliomba abatizwe.

Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Mtumwa hana shamba, hana ng'ombe, hata mwili wake si wake. Lakini huyu alikuwa amesoma maneno ya Yesu kwa lugha ambayo si ya mama yake, akaona kwamba maneno hayo yanamhusu, akachuma unyasi kando ya njia akaandika. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne. Hao watano ndio malimbuko ya Kanisa la Anglikana katika Uganda. Mimi nilipokuwa chuo cha theologia nilisoma habari za maaskofu wengi na mitaguso mingi, lakini ule unyasi wa Sembera haujanitoka akilini.

Baadaye desturi hiyo ikawa kanuni. Aliyetaka ubatizo katika kanisa la Uganda alitakiwa kwanza aweze kusoma Injili, isipokuwa awe mzee sana au kipofu. Sitaki kuisifu kanuni hii kupita kiasi. Ilileta na hasara, kwa maana wako waliotafuta penseli na slate tu, wakapata pia ubatizo na jina geni kama nyongeza. Hata leo utasikia mtu akiulizwa kama ni Mkristo anajibu, "Ndiyo, mimi naitwa Wycliffe." Jina si ubatizo. Lakini kanuni ile ilikuwa na jambo moja jema sana: mtu alipotoka majini alikuwa na kitu cha kushika mkononi kesho yake asubuhi.

Tuje upande wa pwani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uleule akamzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann walikaa Rabai miaka na miaka bila kumbatiza mtu. Wa kwanza alikuja kuwa Mringe, kiwete maskini, na alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Ukihesabu kama mfanyabiashara, hiyo ni hasara: miaka saba, makaburi mawili, na faida ni mtu mmoja anayekufa. Mbinguni hesabu hiyo hufanywa kwa njia nyingine.

Na huko huko pwani walikuwako watumwa waliokombolewa baharini, wakapelekwa India, wakalelewa katika misioni ya Nasik, kisha wakarudishwa Afrika. Mmojawapo ni William Jones. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka uleule Hannington alisafiri kwenda Buganda kwa njia ya nchi yetu. Alipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias, alimwacha Jones hapo na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na wapagazi 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Busoga. Kwa hiyo mmoja wa watumishi wa kwanza wa kanisa letu kukaa katika nchi ya Waluhya hakuwa Mzungu mwenye kofia ya jua. Alikuwa Mwafrika aliyewahi kuuzwa, akiwangoja watu ambao wengi wao hawakurudi. Habari zilipothibitika, yeye ndiye aliyeuongoza msafara ule wa huzuni kurudi Rabai, wakafika Februari 1886.

Sasa nije hapa kwetu Khayega.

Ukisimama barabarani hapa penye soko, barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, umezungukwa na makanisa. Hapa hapa jirani pana Mukumu, misioni ya Wakatoliki. Ukienda upande wa Kaimosi, wako Marafiki, yaani Quaker, waliofika mwaka 1902, nao hawatumii maji kabisa, kwa maana wanafundisha kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho moyoni. Kima kule Bunyore ni Kanisa la Mungu, tangu 1905, nao huzamisha watu wazima. Sisi Waanglikana tulianza Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912, nasi hubatiza hata watoto wachanga. Jeshi la Wokovu nao wana bendera na ngoma, lakini birika la ubatizo hawana. Katika boma moja la Isukha unaweza kumkuta babu Rafiki, nyanya Mkatoliki, baba Mwanglikana, na kijana aliyezamishwa mtoni mwezi uliopita.

Mama mmoja wa upande huu ameniandikia barua. Anasema, "Mchungaji, mimi nilibatizwa nikiwa mtoto, sikumbuki kitu. Nimeolewa mahali ambapo wanasema ubatizo wangu si kitu, nirudi majini. Mama mkwe ni Rafiki, yeye anasema maji ni maji tu. Karo ya watoto imenishinda, na usiku nikiomba naona kama siombi kwa Mungu anayenijua. Je, mimi ni wa nani?"

Mama mpendwa, swali lako si dogo, na wakubwa waligombana juu ya mambo ya jamaa hii kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Mwezi wa Juni 1913 misioni mbalimbali zilikutana Kikuyu, kwenye misioni ya Waskoti. Askofu J. J. Willis wa Uganda, aliyekuwa amekaa Maseno tangu 1906, alikuwako, na Askofu Peel wa Mombasa pia. Waliona hatari ya kuwaletea Waafrika magomvi ya Ulaya, wakapanga ushirikiano juu ya msingi wa Maandiko, kanuni za imani za kale, na sakramenti mbili, ubatizo na meza ya Bwana, zifanywe kwa ishara zinazoonekana. Mwishowe wakashiriki meza moja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika mno, akawashtaki wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameingia uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu. Na msingi ule, kwa kutaka ishara zinazoonekana, haukuwaachia Marafiki wa Kaimosi mlango wa kuingilia.

Mimi nadhani Willis alikuwa amekaa na watu wetu muda wa kutosha kuona jambo ambalo Weston, na uchaji wake wote, hakuliona kutoka Unguja: kwamba mtu wa kijiji hufuata ndoa, soko na kazi, naye asipate kuambiwa kila anapohama kwamba Mungu wake wa jana hakuwa Mungu.

Basi jibu langu ni hili. Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kanisa la kale na la sasa lasema hilo hufanyika mara moja. Kutokukumbuka si hoja. Nani kati yetu akumbuka siku aliyopewa jina na shangazi zake? Na bado ukiitwa kwa jina hilo njiani, unageuka. Martin Luther alipozidiwa na mashaka alizoea kujikumbusha kwamba yeye amebatizwa, wala hakusema kwamba anakumbuka. Alikuwa mtoto wa siku moja alipobatizwa.

Wala usimdharau mama mkwe wako. Agano Jipya la Kilogooli, lililotoka mwaka 1925, lilitafsiriwa na Emory Rees, Rafiki kutoka Marekani, akisaidiana na Joel Litu wa Maragoli. Watu wasiotumia maji ndio waliotuletea neno lile tunalolisoma tukisimama penye maji. Nalicheka jambo hilo mara kwa mara, na nadhani Bwana pia hulicheka.

Ukitaka kujua ubatizo una nguvu gani usiku wa hofu, tazama Munyonyo mwezi wa Mei 1886. Vijana wa nyumba ya Kabaka Mwanga walijua kesho yake wataitwa kuulizwa kama wanasali. Padri hakuwapo. Charles Lwanga, mtu asiye kasisi, aliyebatizwa mwenyewe miezi michache tu kabla, akawabatiza wanne usiku ule, na mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Lile jambo ambalo Kikuyu lilihitaji mkutano, kule Namugongo lilimalizwa na kuni.

Lakini nisije nikafanya maji kuwa mlango wa chuma. Yako habari ya watu walionyimwa. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, wakaamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, abaki katika darasa la wanaofundishwa. Wake zake pengine waweza kubatizwa. Kwa hiyo makanisani mwetu palikuwa na benchi moja la nyuma lenye wazee. Walijua Injili kuliko wazee wa kanisa. Walitoa viwanja vya kujengea shule. Wakati wa meza ya Bwana waliketi pale pale, wakitazama wake zao na watoto wao wakienda mbele. Wangeweza kubatizwa kesho yake kwa kumfukuza mama wa watoto wao, nao hawakumfukuza. Mimi siwezi kuwaita waasi.

Miaka 100 ikapita. Mwaka 1988, Lambeth iyo hiyo, maaskofu wakabadili uamuzi, na hoja hiyo ilisukumwa na Askofu David Gitari wa hapa Kenya. Mzee akiahidi kutoongeza mke mwingine wakati wake zake wangali hai, na kanisa la mahali pake likikubali, aweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini. Wazee wengine walisimama kwenye benchi lile wakaenda penye maji, wakiongozwa kwa fimbo zao. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa wakiwa wasomaji tu. Kwa hao mimi husoma Luka 23, habari ya yule mhalifu msalabani, ambaye hakuwa na birika wala mdhamini wala muda.

Na wewe mama, unapolala karo haijapatikana, usiombe kama mgeni anayebisha hodi. Asubuhi, kabla hujawasha moto, soma mistari michache, hata mitano. Sembera hakuwa na zaidi ya hiyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma Warumi, mlango wa 6. Mnaoweza, someni kabla hatujakutana, tena kwa sauti, ili walio jikoni nao wasikie.