Tarehe ya Mbulu na Pombe Isiyosafiri

Miji ya mvinyo ya Bahari ya Kati ilijengwa na kinywaji kinachosafiri. Marsala, kule kisiwani Sicily, ilipata jina baada ya Mwingereza John Woodhouse kufika mwaka 1773, akauongezea mvinyo wa wenyeji pombe kali ili usiharibike melini, akaupeleka kwao kuuuza. Maghala na utajiri vikafuata. Mbulu ni mji wa namna nyingine. Uko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye baridi na ukungu, na pombe ya wenyeji wake Wairaqw, iitwayo buura, haikai. Ikiiva leo, keshokutwa imeharibika. Huwezi kuiweka akiba wala kuipeleka ng'ambo, lazima uite majirani. Kwangu mimi tarehe ya Mbulu inaanzia hapo, kwenye ulazima wa kuita watu.

Kabla ya mji palikuwa na vilima vya Kainam, ambavyo Wairaqw wanavihesabu kuwa kitovu chao. Huko walilima kwa bidii kwenye miteremko, wakatia samadi mashambani, na nyumba wakazichimbia ubavuni mwa vilima, paa likiwa la udongo, ili wavamizi wa Kimaasai wapite bila kuziona. Hawakuwa na mfalme. Mambo ya mipaka, malisho na mvua yaliamuliwa na wazee, kwa msaada wa mganga wa jamii, qwaslarmo, na wazee walipokaa, mtungi ulikuwepo.

Kuupata mtungi huo ni kazi ya siku kadhaa. Nafaka hulowekwa, ikafunikwa mpaka iote, ikaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga mwingine hupikwa uji mzito, ukaachwa upoe, ndipo kimea kinatiwa na uji unaanza kufoka wenyewe. Mwenye kuipika hupima kwa pua na kwa sikio, kwa maana pombe inayoiva ina sauti yake, mchemko mdogo usiokoma ndani ya chombo. Ikishatulia, imekuwa tayari, na taarifa imekwisha kufika kwa jirani.

Jambo lililonivutia kuliko yote katika nchi hii ni slufay. Ni sala ndefu ya kishairi, isemwayo na mzee mmoja mwenye kipaji huku wenzake wakimwitikia kwa pamoja. Huombwa mvua na afya, ng'ombe wazae, mabaya yaondoke nchini. Anayeombwa ni Looa, ambaye Wairaqw humwita mama na kumfananisha na jua, na hutajwa pia netlangw, roho za kwenye maji ambazo huogopwa. Mzee mbora hasemi yaliyokaririwa tu, huunganisha vipande vya zamani na shida ya siku hiyo, na waitikiaji wakipoa, sala nayo inapoa. Mwaka 2002 Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishirikiana na Maarten Mous na Roland Kießling kutoa kamusi ya Kiiraqw. Kazi hiyo naithamini kuliko jengo lolote la serikali mjini pale.

Wageni wa Ulaya walikuja wakati mambo hayo yamekwisha kukomaa. Oscar Baumann alipita mwaka 1892. Wajerumani wakaweka boma, na mji ukakua kandokando yake. Kisha Waingereza wakatawala kwa kutumia machifu, cheo ambacho wazee wa Kainam hawakuwa nacho. Lakini desturi ya watu kuamua wenyewe haikufa. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika nzima. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Alikichukua Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea huru dhidi ya mtu aliyeteuliwa na chama. Mimi siushangai uamuzi ule. Watu waliozoea kukaa duara na kusikilizana hawapokei jina kutoka mbali kwa urahisi.

Mvinyo wenyewe nao ulifika Mbulu, kupitia altare. Wamisionari wa Kikatoliki walitangulia mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1953 Mbulu ikawa jimbo, Patrick Winters wa shirika la Wapalotini akiwa askofu wa kwanza. Kanisa halikubali kikombe cha misa kiwe cha mtama. Lazima kiwe cha zabibu, na zabibu hazikuwa zao la vilima hivi. Nchini kwetu zilipata makao Dodoma, ambako wamisionari Waitaliano walizipanda Bihawana mwaka 1957.

Ukishuka kusini kwenda Hanang, pombe inakuwa ya asali. Wabarbaig wa huko huitengeneza kwa mambo mazito, na zito kuliko yote ni bung'eda, mazishi ya mzee mwenye heshima, ambapo kaburi huinuliwa kidogo kidogo kwa miezi mingi mpaka kuwa kichuguu kirefu, na pombe ya asali hutolewa kwa marehemu na kwa waliokusanyika. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba saba ya ngano ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalienea uwanda wa Basotu kwa takriban ekari 100,000. Malisho bora yakaenda, na trekta zikalima juu ya makaburi hayo. Wabarbaig walikwenda mahakamani. Mkate ulihitajika, hilo ni kweli, lakini kulima kaburi la baba wa mtu ni dhuluma, na wenye kuamua walikuwa na kila nafasi ya kuwauliza wazee kwanza.

Mgeni anayetaka kuijua Mbulu asianzie bomani. Apande Kainam baada ya mavuno, nafaka ikiwa imekwisha kuingia ndani, maana ndipo watu hupika. Aamkie wakubwa kwanza, aketi anapoonyeshwa, na slufay ikianza, aitikie pamoja na wengine.