Malipo ya nishati ya majira ya baridi (Ufalme wa Muungano)

Malipo ya nishati ya majira ya baridi ni fedha ambazo serikali ya Ufalme wa Muungano huwapa wazee mara moja kwa mwaka ili wamudu gharama za kupasha nyumba zao joto. Kwa kawaida hulipwa mwezi wa Novemba au Desemba. Kaya hupata pauni 200, au pauni 300 ikiwa ina mtu mwenye umri wa miaka 80 au zaidi. Mwaka 2024 mamilioni ya wazee waliondolewa katika malipo hayo, na mwaka uliofuata wengi wao walirudishiwa.

Historia

Malipo hayo yalianzishwa mwaka 1997 na serikali ya chama cha Labour, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu kila mtu aliyefikia umri wa pensheni ya serikali aliyapata, tajiri kwa maskini, na wengi hawakuhitaji kuomba. Utaratibu huo ulikuwa rahisi kuuendesha, lakini ulilaumiwa kwa kuwapa fedha hata watu wasiozihitaji. Mwaka 2017 chama cha Kihafidhina chini ya Theresa May kiliahidi katika ilani yake kuweka sharti la kipato. Labour ilipinga, na mpango huo uliachwa baada ya uchaguzi.

Punguzo la mwaka 2024

Tarehe 29 Julai 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves, wa Labour, alitangaza kwamba huko Uingereza na Wales malipo yangebaki kwa wale tu wanaopokea nyongeza ya pensheni kwa wenye kipato kidogo, au misaada mingine ya aina hiyo. Sababu aliyoitoa ni pengo la pauni bilioni 22 katika fedha za umma. Wazee takriban milioni 10 walitarajiwa kuyakosa malipo, wakabaki takriban milioni 1.5.

Tarehe 10 Septemba 2024 hoja ya upinzani ya kufuta kanuni hizo ilishindwa bungeni kwa kura 348 dhidi ya 228.

Lawama

Ugumu mkubwa ulikuwa mahali mstari ulipochorwa. Nyongeza ya pensheni haiji yenyewe, bali lazima iombwe. Serikali ilikadiria kwamba kaya hadi 880,000 zilizostahili hazikuwa zikiipokea. Hivyo baadhi ya wazee maskini kabisa walipoteza misaada yote miwili. Kundi la pili ni wale waliozidi kidogo tu kiwango cha kustahili, ambacho kwa mtu anayeishi peke yake kilikuwa pauni 218.15 kwa wiki. Oktoba mwaka huohuo kikomo cha bei ya umeme na gesi kilipanda kwa asilimia 10.

Serikali ilijibu kwamba pensheni yenyewe ingepanda kwa asilimia 4.1 Aprili 2025, ikaendesha kampeni ya kuwahimiza wazee waombe nyongeza. Hata hivyo, makadirio yake yenyewe, yaliyotolewa Novemba 2024, yalionyesha kwamba hatua hiyo ingeongeza idadi ya wazee katika umaskini kwa watu 50,000 hadi 100,000, kutegemea mwaka. Shirika la Age UK na vyama vya wafanyakazi waliendelea kupinga.

Marekebisho ya mwaka 2025

Baada ya Labour kufanya vibaya katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer alikubali kulegeza masharti. Tarehe 9 Juni 2025 ilitangazwa kwamba wazee wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka, takriban milioni 9 huko Uingereza na Wales, wangebaki na malipo yao. Wenye kipato kikubwa zaidi hukatwa fedha hizo kupitia kodi. Kwa njia hiyo hakuna anayelazimika kuomba msaada mwingine kwanza ili apate malipo.