Mlingoti wa Bukoba

Mgeni wa pwani ajaye Mwanza kwa mara ya kwanza, ambaye macho yake yamezoea kuuona mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904 ili kuziongoza merikebu ziingiazo Unguja, hukosa raha mpaka aulize mnara wa namna hiyo uko wapi huku ziwani; na jibu nimpalo mimi ni kwamba apande meli ya Bukoba, kwa kuwa mnara ulioingia katika tarehe ya ziwa hili ulisimama huko, katika mji ule mdogo wa mlangoni mwa mto Kanoni, wala haukuwa na taa juu yake. Ulikuwa mlingoti wa chuma wa simu ya upepo, na katika mwezi wa Juni 1915 dola ya Kiingereza, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, iliona vyema kukusanya merikebu na askari wa mabara matatu ili waende wakauangushe.

Meli huondoka Mwanza usiku, ikaliacha Jiwe la Bismarck, ambalo Wajerumani walilipachika jina la kansela wao na ambalo mpaka leo hatujajishughulisha kulivua jina hilo, kisha ikashika njia ya magharibi. Chombo chenyewe kina historia yake, maana kilianza kazi mwaka 1961 kwa jina la Victoria, kikachakaa, kikafanyiwa matengenezo makubwa, kikarudi majini mwaka 2020 kikiwa kimeongezewa jina la Hapa Kazi Tu. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, abiria asiye na usingizi huona mbele yake taa nyingi zimetapakaa juu ya maji mithili ya mji uliowashwa, na akiuliza huambiwa ni wavuvi wa dagaa, ambao zamani walitumia karabai za mafuta ya taa na siku hizi wengi wao hutumia taa za betri. Taa hizo mtu azitie moyoni, kwani zitamsaidia kufahamu mkasa wa usiku mmoja nitakaouhadithia. Alfajiri meli hutia nanga Kemondo, na baada ya hapo hukiona kisiwa cha Musira, jabali tupu lililosimama wima mbele ya mji wa Bukoba kama bawabu.

Mji huu uliasisiwa mwaka 1890 na Emin Pasha, yule tabibu wa Kijerumani aliyesilimu kwa jina na pengine kwa moyo pia, akatawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na hatimaye akarudi kuwatumikia watu wa nchi aliyozaliwa. Baada yake Wajerumani waliitawala nchi ya Wahaya kwa mkono wa wafalme wake wenyewe, na maarufu kati yao alikuwa Kahigi wa Kihanja, aliyejua kuwatumia wageni kama wao walivyodhani wanamtumia yeye. Palijengwa boma, palijengwa duka ambalo watu waliliita Duka Kubwa, na kabla ya vita pakasimamishwa mlingoti wa simu ya upepo, na mwenzake ukasimamishwa Mwanza, hata habari zikawa zinavuka pori na ziwa kwa muda mfupi, ilhali tarishi wa miguu angetembea majuma.

Vita vilipozuka mwaka 1914, jambo la kwanza walilolifanya Waingereza katika bahari yetu lilikuwa kuyaziba masikio ya adui. Tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga kwa sababu ya mnara wa simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara wao. Basi huku bara ikabaki milingoti miwili ya ziwani, na Wajerumani hawakukaa kimya: mwezi wa Septemba walivusha askari kwa maji hadi Karungu, wakapanda hadi Kisii wakapigana huko. Hapo ndipo maafisa wa Nairobi walipoanza kulitazama ziwa kwa jicho jingine.

Merikebu zilitoka Kisumu tarehe 20 Juni 1915 chini ya Jemadari Stewart. Zilikuwa vyombo vya reli ya Uganda, vilivyozoea kubeba mizigo na abiria, miongoni mwao Winifred, Nyanza, Usoga, Rusinga na William Mackinnon, na kila kimoja kilikuwa kimefika Kisumu vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapo. Ndani yake mlikuwamo Waingereza wa kikosi cha Lancashire, Wapanjabi, askari wa King's African Rifles, mizinga midogo ya milimani ya jeshi la India, na kikosi cha ajabu cha Kanali Driscoll, kilichokusanya wawindaji, wasafiri na watu wa kila kazi, hata mzee Frederick Selous, mwindaji wa ndovu mashuhuri, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka 63 na bado akitembea mbele ya vijana. Huyu ndiye aliyepigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na ambaye pori kubwa la akiba la kusini likaitwa kwa jina lake, mpaka sehemu yake kubwa ikafanywa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Tadbiri ya Stewart ilikuwa kuushukia mji usiku, watu wamelala. Lakini Wajerumani walikuwa wameweka walinzi katika kisiwa kile kilicho mbele ya mji, na merikebu zilipokaribia karibu na usiku wa manane, fataki za ishara zikarushwa juu, na mji mzima ukajua. Mtu akisimama leo ufukoni mwa Bukoba akakitazama kisiwa hicho, ambacho husimuliwa kwamba, enzi za wafalme, wahalifu walitupwa huko, hana haja ya kuwa mwanajeshi ili aone kwamba hakuna chombo kiwezacho kupita pasipo kuonekana na mtu aliye juu ya lile jabali. Kama ziwa hili lilipata kuwa na mnara wa taa uliogeuza vita, basi ni kisiwa hicho, kwa usiku ule mmoja. Merikebu zikarudi nyuma, zikangoja mapambazuko, kisha zikawashusha askari kiasi cha maili 3 kaskazini ya mji, chini ya genge la mawe ambalo adui hakulidhania kupandika.

Walipanda. Na mgeni aliye na miguu mizima naye apande, kwani ndipo atakapofahamu kwa nini mapigano yalichukua siku mbili ilhali watetezi hawakuzidi mia chache, wengi wa wenzao wakiwa mbali katika mpaka wa Kagera. Nchi ya pale ni vilima vifupi vyenye majabali, na kati ya kilima na kilima kuna majaruba ya matope na vibanja vya Wahaya, yaani mashamba ya migomba iliyopandwa kwa kusongamana, mibuni ikiwa chini ya kivuli chake. Ndani ya kibanja jicho halifiki mbali. Majani makavu huning'inia hadi chini, na hatua ya mtu husikika kabla hajaonekana. Mgomba humficha mtu lakini haumkingi, kwa kuwa risasi hupita katika shina lake kana kwamba hakuna kitu. Vitabu vya vita vimeandika majina ya vikosi na ya maafisa, bali mwenye kibanja, aliyeamka tarehe 22 Juni akakuta mataifa mawili yanapigana katikati ya ndizi zake, hakuulizwa na yeyote, nami naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko mengine yote katika habari za vita hivi.

Usiku mvua ikawanyea askari waliolala bila mahema. Siku ya pili, tarehe 23, mji ukaingiwa, mlingoti ukaangushwa, boma na ghala za silaha zikateketezwa. Kisha Driscoll akaomba ruhusa watu wake wachukue ngawira, na Stewart akaikubali. Na kwa kauli za wenyewe waliokuwapo, askari walivunja nyumba, wakanywa mvinyo, wakavaa nguo za maafisa wa Kijerumani wakicheka barabarani. Jioni wakapanda merikebu wakaenda zao. Mwenye kutaka kuyaona mabaki asitarajie mengi: Duka Kubwa lipo, makaburi ya Wajerumani yapo karibu na ufuko, na mto Kanoni unaingia ziwani palepale, ukizungukwa na watu wauzao samaki.

Atakayekuwa na siku ya ziada asikose kwenda Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera, maana mto huo ndio uliokuwa mstari wa vita hadi 1916, na ndio tena ulioona vita tulivyovijua sisi, pale majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwisho wa Oktoba 1978 na siku chache baadaye daraja lile likabomolewa. Magofu ya kanisa la Kyaka bado yanaonekana juu ya mto, na mashujaa waliokufa wamezikwa Kaboya.

Ama kuhusu mlingoti, faida iliyopatikana haikulingana na fahari ya merikebu zile. Waingereza walipoondoka, Wajerumani wakarudi Bukoba na kukaa humo hadi Juni 1916. Mwezi huohuo majeshi ya Kiingereza yalikiteka kisiwa cha Ukerewe, ambacho mpunga wake ulikuwa ukiwalisha askari wa adui, na tarehe 14 Julai, chini ya Jemadari Crewe, yakaingia Mwanza, Wajerumani wakiwa wamekwisha kushika njia ya Tabora. Kwa hiyo ule mlingoti wa pili, wa huku kwetu, ambao Stewart hakuufikia, uliendelea kuwa mikononi mwa wenyewe kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya mwenzake kuanguka.