Mteremko wa Rungwe na Historia ya Fedha za Hisani katika Utafiti wa Saratani

Wilaya ya Rungwe ya zamani, kabla Kyela haijamegwa na kuwa wilaya inayojitegemea, ilianzia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari, ikapanda kupitia mashamba ya mpunga na kakao hadi kwenye migomba, chai na mvua za Tukuyu, takriban meta 1,500, na kuishia kwenye kilele cha Mlima Rungwe kinachokaribia meta 3,000. Tofauti hiyo ya mwinuko, ambayo wenyeji wanaijua kwa malaria ya huku chini na baridi ya kule juu, ndiyo aina ya mpaka ambao watafiti wa saratani waliufuata mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipokuwa wakichora ramani ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Kwa sababu hiyo, mkaazi wa Rungwe anaweza kuielewa haraka kuliko wengi historia ya namna michango ya watu wa mbali ilivyolipia maswali ambayo majibu yake yalipatikana Afrika Mashariki.

Hisani ya tiba yenyewe ni ya zamani zaidi. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na katika miaka hiyohiyo mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, ndiyo maana jina lake limebaki kwenye jengo la wodi la Muhimbili hadi leo. Michango ya namna hiyo ilinunua kuta, vitanda na dawa, na hakuna wa kuidharau. Lakini saratani haikuwa katika hesabu zake, kwa kuwa matabibu wengi wa enzi hizo waliamini kwamba ni ugonjwa adimu kwa Waafrika, imani iliyotokana kwa kiasi kikubwa na uchache wa kumbukumbu. Mgonjwa ambaye hakuandikwa popote alihesabiwa kuwa hayupo.

Mabadiliko yalianzia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili, kisha akakuta watoto wengine wenye hali hiyohiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe za limfu, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili. Ili kujua ugonjwa huo unaonekana wapi, alitumia ruzuku ya awali ya pauni 25 tu kuandaa vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiwauliza matabibu kama wamewahi kuuona. Utafiti mwingi wa leo hauwezi hata kuandika ombi la fedha kwa kiasi hicho.

Majibu yalipobandikwa kwenye ramani, yaliunda ukanda mpana katikati ya bara, wenye mkia unaoteremka kwenye pwani ya mashariki. Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wawili wa hospitali za misheni za Uganda, Ted Williams na Clifford Nelson, wakasafiri kwa wiki kumi na kukamilisha takriban kilomita 16,000 kupitia Tanganyika, iliyokuwa ikisubiri Uhuru wake Desemba, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali 57. Walichokigundua ni kwamba karibu na ikweta uvimbe huo haukuonekana kwa watoto wanaoishi juu ya meta 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alieleza kwamba kilichokuwa kikipimwa hakikuwa urefu wa mlima bali joto na mvua, yaani mazingira yanayowafaa mbu na malaria. Kwa maneno mengine, mstari uliochorwa unaweza kulinganishwa na ule unaotenganisha Tukuyu na tambarare za Kyela.

Hapa ndipo fedha za hisani zilipofanya kazi ambayo serikali isingeifanya kwa wepesi. Mtaalamu wa virusi Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt katika mhadhara London Machi 1961, akashuku kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unasababishwa na kirusi. Nauli yake ya kwenda Uganda ilitolewa na British Empire Cancer Campaign, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1923 na kutegemea michango ya wananchi, ambalo urithi wake sasa umo ndani ya Cancer Research UK. Fedha kubwa zaidi, dola 45,000, zilitoka baadaye kwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambayo ni ya serikali. Na inafaa kusisitiza mpangilio huo, kwa kuwa mchango mdogo wa hisani ulitangulia pale ambapo hoja bado ilikuwa dhana, na mfuko wa umma ukafuata. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na kimoja kilichocheleweshwa na ukungu Desemba 1963 kilifika kikiwa kwenye maji machafu ambayo, yalipotazamwa kwa hadubini, yalikuwa na chembe hai za saratani zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa kuwa kirusi peke yake hakikueleza ule mpaka wa joto, mvua na mbu, swali lililobaki lilikuwa kama kuzuia malaria kungezuia saratani hiyo, na jaribio lake lilifanyika Tanzania. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini mara kwa mara chini ya mpango wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, huku Hospitali ya Shirati, iliyojengwa na kanisa la Mennonite, ikiwa kitovu cha kuwatambua wagonjwa. Saratani ilipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa, na malaria nayo ikarudi kupanda, hivyo watafiti walikiri kwamba ushahidi haukutosha. Kukiri huko kuliwezekana kwa sababu wagonjwa wa miaka ya nyuma walikuwa wameandikwa. Pasipo daftari la Shirati, upungufu ule ungetangazwa kuwa ushindi.

Kizazi kilichofuata kilishughulikia saratani ya mlango wa kizazi, inayotokana na virusi vya papiloma, HPV, na ambayo inaongoza kwa vifo vya saratani miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ilikuwapo tangu 2006, lakini dozi tatu, kisha mbili, zilikuwa mzigo kwa nchi zinazolazimika kumrudia msichana yuleyule shuleni au kijijini. Jijini Mwanza, kuanzia 2017, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu, na miaka miwili baadaye zaidi ya asilimia 97 ya waliopata moja walikuwa na kingamwili, yaani protini za damu zinazokitambua kirusi, dhidi ya HPV aina ya 16. Wagharamiaji walikuwa serikali ya Uingereza, Wakfu wa Gates, na Wellcome, mfuko uliotokana na wosia wa mwenye kampuni ya dawa Henry Wellcome aliyefariki mwaka 1936. Nchini Kenya, utafiti mwingine uliolipiwa na Wakfu wa Gates, uliohusisha wanawake 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, ulionesha mwaka 2022 kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikaanza kuitumia.

Rungwe si ngeni kwa misaada ya aina hii. Ivermectin, dawa ya usubi, ambao ni ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wa mitoni na kupofusha macho, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu uamuzi wake wa 1987, na Tukuyu, penye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyofaidika nayo. Kwa saratani, hata hivyo, kijiji bado kiko mbali na mionzi, na mgonjwa wa Rungwe amezoea kuelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996. Wahisani wa ndani, makanisa, misikiti na wazaliwa wa wilaya walioko mijini, huchangia zaidi nauli na matibabu ya ndugu mmoja mmoja, jambo la utu lisilohitaji kutetewa. Lakini historia iliyosimuliwa hapa inaonesha kwamba shilingi iliyozaa matunda mengi ni ile iliyolipia karani, karatasi, picha na safari ya kuuliza. Anayetaka kuchangia hospitali za Rungwe na Kyela afikirie kwanza rejesta ya saratani, inayomwandika kila mgonjwa pamoja na umri wake, kijiji chake na mwinuko wa kijiji hicho, kisha ndipo afikirie jengo.